Barafu ya Mgeni

Mtu aliyebisha hodi alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Mwanamvua hakuhitaji maelezo zaidi.

"Samahani, mama. Nimetoka mbali, na mnyororo wa pikipiki..."

"Najua ulikotoka. Uliahidi asubuhi, sasa saa saba imepita. Vua viatu, pita jikoni."

Friji lilikuwa la aina inayotengeneza barafu na kuidondosha lenyewe kwenye trei. Tangu Jumatano lilikuwa halijadondosha hata kipande. Siku nyingine asingejali. Lakini leo, baada ya swala ya Ijumaa, mshenga kutoka Kibuta angefika hapa Sofu na barua ya posa ya Firdausi, na juisi ya ukwaju ilikuwa vuguvugu kama maji ya kunawa.

Posa ya kwanza ilivunjika mwaka juzi, na aliyeivunja ni Mwanamvua. Alimwacha mshenga barazani saa nzima huku yeye akimalizia kufua. Mshenga akarudi Mlandizi na barua yake. Firdausi hakumlaumu mama yake hata kwa neno moja, alikonda tu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwenye grisi aliinama, akachungulia, akagusa. "Barafu ipo, ila imenasa huku juu. Naomba kitambaa na maji ya moto."

"Umekuja mikono mitupu? Fundi gani wewe?"

Mtu yule alimtazama, akapandisha zaidi mikono ya shati.

Firdausi alimletea maji ya kunywa.

"Binti ndiye huyu?"

"Binti hakuhusu. Na wewe Firdausi, hizo glasi za wageni! Mtilie kwenye kikombe cha plastiki."

Ikaja hodi ya pili. Mlangoni alisimama bwana mwenye kanzu iliyopigwa pasi, mkoba mweusi kwapani.

"Samahani, mama, nimekuja kwa..."

"Keti, baba. Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala."

Akampakulia pilau, akamwongezea. Kila bwana yule alipofungua mdomo kusema, aliwekewa kipande kingine cha nyama. "Kula kwanza. Jambo la heri halina papara." Bwana akala.

Jikoni kitu kikagonga kwa kishindo. Barafu ikaporomoka kwenye trei.

"Tayari," alisema mwenye grisi, akifuta mikono. "Kipande kimoja kilibana mkono unaosukuma vingine."

"Haya. Tutaonana siku nyingine, leo nina mgeni wa maana. Pitia mlango wa uani, asikuone na uchafu huo."

Mtu yule aligusa mfuko wa shati, kama anayekumbuka kitu, kisha akauacha.

"Nimeona, mama," alisema. Akavaa viatu vyake akatoka.

Mwanamvua alijaza barafu kwenye glasi ndefu, akamimina ukwaju, akaibeba kwenye sinia lenye kitambaa. Safari hii hakuna aliyeachwa barazani.

Bwana wa kanzu aliipokea glasi, akaitikisa kidogo, akatazama barafu ikigongana ndani yake. Hakunywa.

"Lakini, mama," alisema kwa upole, akiufungua mkoba na kuzitazama bisibisi zake, "kwenye simu si uliniambia friji halitoi barafu?"