Chatu Aliyefikia Elimu ya Juu

Chatu mmoja wa kando ya mto Ganga alitafakari siku arobaini, macho kayafumba, tumbo tupu. Siku ya arobaini na moja akafumbua macho, akamzonga chura aliyekuwa akijipitia.

“Usiogope, mwanangu,” alisema chatu kwa upole, huku akimbana. “Nimeifikia elimu ya juu. Viumbe vyote ni kitu kimoja. Wewe ni mimi, na mimi ni wewe. Nikikumeza, hakuna anayekufa.”

“Hiyo habari njema, mwalimu,” alisema chura, pumzi zikimwishia. “Mimi leo asubuhi nimekula kumbikumbi mpaka nimecheua. Sasa kama mimi ni wewe, hiyo njaa ni ya nani?”

Chatu alifikiri. Akafikiri tena. Aliona aibu kummeza mwanafunzi kabla ya kumjibu swali lake. Akamwachia, akajikunja vizuri, akafumba macho kulitafakari.

Chura alimshukuru, akaruka majini.

Siku ya tatu chatu alipofumbua macho, jibu alikuwa nalo, tena kamili. Njaa ilikuwa yake. Hapakuwa na wa kumwambia.