Mlangoni kwa Kashindye

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati saa tisa alasiri, likabingirika hadi ukingoni na kudondoka uani. Bibi Kashindye hakushtuka. Aliwahi kuyasikia mawe ya namna hiyo miaka tisa iliyopita, kijijini kwao, kabla hajakimbilia huku Igoma na kujenga kibanda chake kati ya majabali ya mlimani.

"Wanakuja," alisema Teodora, akisukuma komeo la mlango.

"Waache waje. Na wewe umefuata nini? Umekuja mikono mitupu."

"Leo sikupika, bibi."

Kashindye alisonya. Kwa miezi minane mwanamke huyu alikuwa akimletea uji wa mtama kila siku mchana. Mwanzoni walikuja wanawake watano wa jumuiya ya kanisani. Kashindye aliwamwagia maji ya kuoshea vyombo. Juma lililofuata walikuja wawili. Baada ya hapo alikuja huyu mmoja tu, na hakuacha. Kashindye hakuwahi kuitikia shikamoo yake, wala kumwuliza anatoka nyumba ipi. Siku moja tu alimwuliza kama hajamchoka.

"Nakuchoka sana, bibi," Teodora alijibu. "Nikikuchoka nasali, halafu nakuja."

Jiwe la pili liligonga ukuta. Sauti za watu zikasogea, na Kashindye akaitambua mojawapo. Ilikuwa ya Ngosha, fundi wa kuchomelea mageti kule barabarani. Majuma matatu yaliyopita binti yake Ngosha, Winnie, mtoto wa miaka sita, alipita hapa akikimbizana na wenzake, akavunja mtungi wa maji. Kashindye alimfukuza kwa fimbo, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: mwaka huu huumalizi. Jioni ile Ngosha alikuja, wakatukanana hadi giza likaingia.

Juzi Winnie alikufa. Leo asubuhi walimzika.

"Nilimtamkia mabaya," Kashindye alisema ghafla, akiangalia ukutani. "Lakini sikumfanya kitu."

"Najua."

"Unajuaje wewe?"

Kashindye akageuka kumtazama. Macho ya yule mwanamke yalikuwa mekundu, kope zimevimba. Bibi akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Mimi moshi wa kuni ulinipa macho mekundu, wakaniita mchawi. Na wewe ukitoka hivyo watakuchoma."

Mlango ukapigwa teke. Kabla halijapigwa la pili, Teodora aliondoa komeo, akafungua mwenyewe na kusimama kizingitini. Nje walikuwa wanaume kama ishirini, wenye fimbo na mapanga. Ngosha alikuwa mbele, ameshika dumu la petroli.

"Toka hapo," alisema.

"Sitoki."

"Mwondoeni," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

Hakuna aliyesogea. Walio mbele walitazama chini. Kashindye aliwaona kutoka kwenye mkeka wake, akashangaa: watu waliokuja kuua, wanaogopa kumgusa mwanamke mmoja wa kanisani.

"Ni malaria," Teodora alisema. "Ilimpanda kichwani. Daktari alieleza, nawe ulisikia."

"Huyu alimlaani."

"Alimlaani, ni kweli. Ana mdomo mbaya. Hata mimi ananitukana kila siku. Lakini mdomo wake haukumuua."

"Mwanangu yuko udongoni," Ngosha alisema, "na huyu anakunywa uji."

Akafungua dumu, akamwaga petroli chini ya ukuta, kutoka pembeni hadi mlangoni. Ikazilowesha ndala za Teodora. Harufu ikajaa chumbani. Teodora alirudi ndani bila kufunga mlango, akaketi kwenye mkeka na kuushika mkono wa bibi.

Hapo ndipo Kashindye alipoogopa. Kwa kifo chake mwenyewe alikuwa tayari. Cha mtu mwingine kilimtisha.

"Toka, mjinga wewe," alinong'ona, akijaribu kujinasua. "Hawa hawana utani. Nenda kwa watoto wako."

Mkono wa Teodora ukambana zaidi. Alianza kusali Baba Yetu kwa sauti ya chini. Alipofika penye kusamehe, sauti ilimkwama. Akaanza upya tangu mwanzo. Ikakwama palepale. Akaanza tena mara ya tatu, pole pole, kama mtu anayepanda na mzigo kichwani, na safari hii alipita.

Ngosha akaingia na kiberiti mkononi.

Alisimama katikati ya chumba. Akatoa njiti, akaishika karibu na kiberiti, lakini hakuiwasha. Kashindye alimkazia macho. Ngosha hakumwangalia yeye hata kidogo. Alimwangalia Teodora, miguu iliyolowa petroli, vidole vilivyoung'ang'ania mkono wa kikongwe. Njiti ilimvunjikia vidoleni. Alichuchumaa mbele yao, na mabega yakaanza kumcheza. Nje, mmoja baada ya mwingine, watu walianza kuteremka mlima.

Kisha Ngosha akamshika Teodora bega.

"Mama Winnie," alisema, "inuka twende nyumbani. Watu wamejaa msibani, na mfiwa hayupo."