Majibu ya Damu ya Nyamizi

Nyamizi alishindwa kushika kikombe. Uji ukamwagika kifuani, na baba yake, Machibya, akamfuta kwa kiganja akijifanya hayaoni macho yake yalivyogeuka manjano. Ndivyo ilivyoanza kwa kaka zake wawili. Walivimba matumbo, wakatetemeka, wakazikwa nyuma ya nyumba kule Kasoli, Bariadi.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi la hospitali, Mwanza, wakisubiri majibu. Kabla ya mvua, Dokta Mektilda aliwatoa damu wote watatu, baba, mama na mtoto, akaipeleka Ulaya.

Kijijini majibu yalishatoka zamani. Mganga alimtaja Nyanjige, mama mzazi wa Machibya, ajuza mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Tangu siku hiyo mke wa Machibya, Felisita, hakugusa tena chakula kilichopikwa na mama mkwe wake.

"Mama yako anawamaliza wanangu," alimwambia mumewe wakichuma pamba, huku magari ya wanunuzi binafsi yakipiga honi barabarani. "Na wewe unahangaika na hospitali!"

"Aliyenizaa hawezi kula wajukuu zake."

Hawakuelewana. Kwenye vijiji vya jirani vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa maneno kama hayo, kwa hiyo Machibya alihamishia kitanda chake kwenye nyumba ya mama yake. Alikonda. Akilala, alimwogopea mama. Akiamka, alimwogopea mtoto.

Kisha, wiki ile ya kufuata majibu, Felisita akalainika. Alikubali safari bila kuvutana. Nyanjige aliposema naye angependa kumsindikiza mjukuu wake, Felisita alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba wa kwanza.

"Mayu, mama yangu, wewe pumzika nyumbani," alimwambia. "Baba Nyamizi anatutosha."

Machibya aliona kama mzigo umemtoka kichwani.

Mlango ukafunguliwa, Dokta Mektilda akawaita ndani.

"Zamani tungesema ini limeharibika, tukaishia hapo," alisema. "Baadaye tukawa tunatafuta virusi. Kwa Nyamizi hatukuviona. Siku hizi kuna wataalamu wanaosoma vinasaba, yaani ule urithi mtoto anaouchukua kwa wazazi wake. Ini la Nyamizi halijui kutoa madini ya shaba yaliyomo kwenye chakula. Yamejaa humo, yakapanda mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana anatetemeka."

"Nani aliyemtia hayo madini?" Felisita aliuliza.

"Hakuna, mama. Yamo kwenye vyakula vyetu sote, ila sisi miili yetu inayatoa. Wewe na mumeo kila mmoja amebeba kasoro moja, wala hamuumwi. Nyamizi amezirithi zote mbili. Nadhani na kaka zake ilikuwa hivyo hivyo."

"Na bibi yake?"

"Bibi yake amefanya nini?"



"Dawa ipo?" Machibya aliuliza.

"Ipo. Atameza maisha yake yote, lakini ataishi. Mmemuwahisha."

Machibya akalia mbele ya daktari bila aibu. Alimkumbatia binti yake, kisha akamshika mkewe bega.

"Umesikia, Mama Nyamizi? Sio mama. Tukifika nyumbani utamwomba msamaha, na yataisha."

Felisita alikuwa anatazama dirishani, kwenye jua lililokwisha kuinama.

"Dokta, basi la Bariadi limeshaondoka?"

"Limeondoka asubuhi, mama. Mpaka kesho."

Felisita akakaa sakafuni.

"Baba Nyamizi, tafuta gari lolote," alisema. "Wenye mapanga niliwaambia waje leo, usipokuwepo."