Mafuta Ukutani

Mzungu mzee alikuwa amepiga magoti ndani ya nyumba, akiipiga picha ngazi.

Maman Nday alisimamisha cherehani. Matonge nzima, mtaa wa Wakongo katika jiji la Wabelgiji, ilijua uzuri wa nyumba ile uko mbele: wanawake wa plasta, wenye rangi na dhahabu, waliokaa juu ya mlango wake tangu enzi za mababu wa Wabelgiji. Watu walitoka kituo cha Porte de Namur kuja kuwatazama. Lakini huyu Freddy, aliyewahi kufundisha Lubumbashi kwenye misheni, aliwapita bila kuinua macho. Alipiga picha ngazi, dari, vigae vya sakafuni. Jana alipima hadi chumba anamoshonea Nday.

"Papa Freddy, uzuri iko inje. Huku unatafuta nini?"

"Uso, maman, kila muntu anauona. Huku ndani, kesho nani atakumbuka?"

Maneno yale yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwenye nyumba aliacha paa livuje miaka nenda miaka rudi. Nyumba za jirani zilibomolewa, pakaota ofisi za vioo. Sasa anakuja mzee na kamera. Nani kamtuma?

Tangu siku hiyo akamfungia mlango. Na kila asubuhi, kabla ya kushona, Nday alichovya kidole katika mafuta yaliyobarikiwa, akaupaka ukuta wa mbele.

"Bwana, huu ukuta usianguke. Muntu asiuguse."

Maombi yakajibiwa. Bram, msimamizi wa mwenye nyumba, alikuja na keki mkononi na tabasamu usoni. Jiji limekubali, alisema: ukuta ule ni urithi, hakuna wa kuubomoa. Vyuma vinene vikaletwa kuushikilia. Kilichobaki, maman ahamie kidogo kwa dada yake mtaani Evere, mafundi wafanye kazi. Nday alilia kwa furaha, akamkatia Bram kipande kikubwa kuliko vyote.

Siku ya kuondoka, Freddy alimkuta akipakia cherehani kwenye kigari.

"Donc, maman, uliwauliza? Wanachunga nyumba mpaka wapi?"

"Alors, papa, ni wivu!" Nday akacheka, na wanawake wa saluni ya jirani wakacheka naye. "Mungu amekushinda!"

Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Miezi ikapita. Bram alipoacha kupokea simu, Nday hakungoja kuitwa. Alirudi akisukuma kigari chake, akiimba wimbo wa shukrani. Wanawake wa dhahabu walikuwa wameoshwa, waking'aa kama wa jana. Mapazia yake aliyoyashona mwenyewe yalining'inia bado madirishani. Akaugusa ukuta, akabusu kidole.

Ufunguo ukazunguka vizuri. Akasukuma mlango, akainua mguu kuingia.

Mguu ukabaki hewani: hakuna sakafu, hakuna ngazi. Chini kulikuwa na shimo, na juu ya shimo, mbingu.