Asipojibu, Tuma Tena

Ujumbe wa Shamsia ulikuwa haujawahi kukosekana hata Ijumaa moja, na hilo ndilo lililompandisha Naima hasira mpaka akaacha kuandika kwenye kompyuta.

"Hebu rudia ulichosema," alimwambia mumewe. "Taratibu."

Yussuph alikuwa ameketi pembeni yake sebuleni kwao Bulyaga, akimwelekeza. Walikuwa wanaandaa matangazo ya ndizi zilizokaushwa, biashara ya Naima, ili yawe yanajituma yenyewe kwa barua pepe kwenye hoteli na maduka ya Mbeya mpaka Dar es Salaam. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikawabidi wapaze sauti.

"Hapa unaweka jina la mteja," Yussuph alisema, kidole kwenye kioo, "ili kila mmoja aone umemwandikia yeye peke yake. Hapa unachagua siku na saa."

"Na asipojibu?"

"Asipojibu, mfumo unatuma tena wiki inayofuata. Unageuzageuza maneno kidogo, asishtuke kwamba ni mashine. Siku akijibu, unaacha wenyewe."

Naima alikurupuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Akakamata simu na kufungua barua pepe zake.

"Sikiliza hii. 'Naima mdogo wangu, umeamkaje? Nimekukumbuka. Jibu ukipata nafasi.' Haya, na hii: 'Naima mdogo wangu, hujambo? Jana nimekuota. Jibu ukipata nafasi.' Ijumaa, saa mbili asubuhi. Hii nayo Ijumaa, saa mbili asubuhi. Zote!"

Yussuph akakuna kidevu.

Shamsia alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu wa sekondari huko Kiwira, mwendo mfupi tu kwa gari. Walikuwa hawajasemezana tangu mama yao azikwe. Siku ile Naima alikuwa njiani akitoka Dodoma, na kila basi liliposimama alipiga simu kuomba angojwe. Wajomba walikuwa tayari kungoja mpaka asubuhi. Shamsia ndiye aliyekataa. Alisema mama atazikwa kabla jua halijazama, basi. Naima alifika akakutana na watu wanarudi na majembe begani. Hakuuona uso wa mama yake. Palepale njiani alimrushia dada yake maneno ambayo majirani wanayakumbuka mpaka leo, kisha akaifungia namba yake kwenye simu.

Baada ya hapo ndipo barua pepe zilipoanza kuja, kutoka kwenye anwani yenye jina la Shamsia. Naima hakujibu hata moja. Lakini alizisoma zote. Siku za karibuni alikuwa akizisoma kabla hata ya kutazama oda za wateja, na Ijumaa iliyopita alikuwa ameanza kuandika jibu, akalifuta.

"Ameniweka kwenye mashine," alisema sasa. "Dada yangu wa tumbo moja! Ananitumia salamu kama ninavyotaka kuwatumia wenye mahoteli!"

"Huna uhakika, Naima."

"Mwalimu ana vipindi, ana watoto, ana shamba. Hajawahi kuugua? Hajawahi kusahau? Mimi nimelia juu ya hizi salamu, Yussuph. Nimelia! Kumbe mwenzangu alibonyeza mara moja akaenda zake kulala."

"Labda aliona hakuna njia nyingine ya kukufikia."

"Njia ipo! Kutoka Kiwira mpaka hapa ni lami tupu! Angepanda gari, angekuja, angesimama hapo mlangoni nimtukane, tukamaliza!"

Akaitafuta ile namba, akaifungulia. Yussuph akainuka haraka.

"Mke wangu, usipige sasa hivi. Ukiwa na hasira hizi utaharibu kabisa. Piga kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Basi mjibu kwa imeili. Neno moja tu. Zitaacha kuja zenyewe."

"Nijibizane na mashine? Mimi?"

Yussuph alinyoosha mkono kama anataka kuichukua simu. Naima akampa mgongo. Ikaita mara moja, ikaita tena, ikapokelewa. Hakungoja hata salamu.

"Shamsia! Ulininyima uso wa mama, nikanyamaza. Leo hata kunijulia hali unaagiza mashine? Mimi nani yako, mteja? Hizo imeili zako za kila Ijumaa zizime! Umenisikia? Zizime, usinitumie tena mpaka nife!"

Naima alisikia mvua tu, ya kwake na ya Kiwira, zikichanganyika sikioni. Alikuwa na mengine mengi ya kusema, alikuwa akivuta pumzi tu.

Sauti ya dada yake ilipokuja, nayo ilikuwa inatetemeka kwa hasira.

"Huna haya, Naima. Huna haya hata kidogo. Mimi nikutumie nini, na wewe ulishanifungia? Wewe ndiye unayeniandikia! Kila Ijumaa naingia darasani, nakuta ujumbe wako umeshafika: 'Dada yangu, umeamkaje? Nimekukumbuka. Jibu ukipata nafasi.' Mimi sijakutumia hata herufi moja."

Naima aligeuka polepole, simu ikiwa bado sikioni. Yussuph hakuwepo tena sebuleni, na mlango wa mbele ulikuwa wazi, mvua inaingia ndani.