Vumbi la Mama

Sheria ilikuwa moja kwa wote waishio kwenye trela: betri ya lithiamu ikijaa, trela inaondoka yenyewe, mwingine apate nafasi ya jua. Baada ya miaka mitatu ya kupishana njiani, trela ya Nyamizi na ya mama yake zilikuwa zimeegeshwa pamoja Itigi.

Mama alipokwenda kuteka maji, Nyamizi alipanda juu ya paa la trela ya mama akasugua paneli za sola, kama binti aliyelelewa vizuri. Vumbi lilikuwa zito kama unga.

Mama aliporudi, kipimo cha betri kilisoma asilimia tisini na sita. Akaitua ndoo polepole.

"Nani kapanda juu?"

"Mimi, mama. Siku hizi hata paneli zinakushinda?"

"Vumbi nililimwaga mwenyewe, mwanangu. Betri ichelewe, nikae nawe wiki mbili."

Nyamizi akawasha jiko, feni, redio na taa zote. Kipimo kikapanda hadi tisini na saba.

"Zima, utaniunguzia sufuria bure," mama alisema. "Njoo tufunge makabati."

Walikuwa wamebakiza kabati moja magurudumu yalipoanza kuzunguka. Ikambidi Nyamizi aruke chini.