Kambale Aliyeambiwa Anatia Chumvi

Kiboko alikuwa na tumbo kubwa na masikio madogo, na hivyo ndivyo alivyotawala mto. Aliuziba kwa magogo na matope ili apate bwawa lake peke yake. Kule chini mto ukaishiwa nguvu, na bahari ikaanza kuupanda.

Kambale, asiyejua kunyamaza, akaogelea hadi kwenye ukuta.

"Mheshimiwa, maji yetu yamekuwa ya chumvi. Wanangu wanakufa. Fungua kidogo, mto uisukume bahari irudi kwake."

Kiboko akapiga miayo. "Mama, unatia chumvi."

Yangeyange waliokaa mgongoni mwake wakacheka nusura waanguke.

Kambale akarudi kuzika wanawe. Bahari ikazidi kupanda, ikafika kwenye malisho ya Kiboko, ikaunguza nyasi zote. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni, lakini kiboko hashibi maji.

Akashuka mbavu nje, bila yangeyange hata mmoja, akamkuta Kambale kwenye dimbwi la mwisho la maji matamu.

"Mama Kambale, chumvi imemaliza malisho, nakufa njaa. Waite wenzako tubomoe ukuta. Peke yangu sina nguvu tena."

"Wenzangu nimewazika," Kambale akasema. "Na wewe, mheshimiwa, unatia chumvi."